Kukata Kona kwa Kiingereza

Wengi waliojifunza kuendesha gari kwake hawamjui kwa jina alilopewa na wazazi. Wanamwita Breki, na mwenyewe anaitika, kwa kuwa hilo ndilo neno linalomtoka kinywani kutwa nzima. Hata mimi nimepita mikononi mwake. Anakaa kiti cha abiria, mguu umeelea juu ya ile breki ya pili waliyomfungia upande wake, mkono umeng'ang'ania mlango, macho yamemtoka kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Si mtu mbaya. Amechoka tu. Kupelekwa mtaroni mwaka hadi mwaka na watu wasiojua kulia kwao ni wapi kungemchosha hata malaika.

Mkewe ni mkunga hospitalini. Mke kutwa anasema "sukuma", mume kutwa anasema "kanyaga breki". Jioni wakikutana nyumbani kila mmoja koo limemkauka na hakuna anayetaka kuamrishwa. Mkewe husema hiyo ndiyo siri ya ndoa yao: ugomvi wote wanaumaliza kazini.

Shule ya udereva si ya Breki. Ni ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwenye magari matatu, chumba kimoja cha nadharia na mipango isiyohesabika. Katika chumba hicho kuna ubao uliochorwa makutano ya barabara, na meza iliyojaa magari ya kuchezea watoto, yale ya kuonyeshea nani ampishe nani. Breki alikuwa pale siku moja mchana, anafuta vumbi kwenye lori dogo la plastiki, shemeji yake akaingia huku anatabasamu. Breki analijua tabasamu hilo. Kila linapotokea, kazi inamwangukia yeye.

"Shemeji," akasema yule bwana, "kuna kampuni ya maji inaleta wataalamu wawili kutoka nje. Kwao wanaendesha upande wa kulia. Wanataka wafundishwe barabara zetu kabla ya kukabidhiwa magari. Nimewaambia mwalimu wangu anaongea Kiingereza kama maji."

"Mwalimu yupi?"

"Wewe."

Breki akaliweka lile lori mezani taratibu. "Shemeji, kusoma nasoma. Kuandika, naweza kukuandikia barua ukaisoma ukaelewa. Lakini kuongea, mdomo unapiga loki. Unajua hilo."

"Ndiyo maana nimekulipia mji."

"Umenilipia nini?"

"Mji!" Shemeji akafungua kompyuta juu ya meza, akasukuma magari pembeni. Akaeleza kwamba ndani ya mtandao kuna mji mzima uliotengenezwa kwa picha, una mitaa, maduka, kituo cha treni, bustani na hoteli. Wanaojifunza Kiingereza wanaingia humo kutoka pande zote za dunia, kila mtu amevaa kikaragosi chake. Unatembea kwa kubonyeza vitufe, ukikutana na mwenzako unaongea kwenye kipaza sauti, naye anakusikia huko kwao aliko. Sheria ya kwanza ni Kiingereza tupu. "Saa ya mchana huna wanafunzi. Unaingia, unazurura, unapiga soga. Miezi minne, unatoka humo unaongea usingizini."

Kikaragosi alikuwa ameshamchagulia: kijana kifua wazi, nywele za kijani, kaptula ya kuogelea.

"Huyu ndiye mimi?" Breki akauliza. Yeye ana kipara na kitambi cha heshima.

"Huyu ndiye aliyekuwa wa bure."

Siku ya kwanza hakuongea na mtu yeyote kwa sababu hakuweza kutembea. Mtu aliyewafundisha nusu ya wakazi wa hapa kurudi nyuma kwa vioo alishindwa kumtoa kikaragosi wake katikati ya ukuta na friji la vinywaji la duka moja la mle. Alibonyeza mbele, kijana akarudi nyuma. Alibonyeza kulia, kijana akaruka sarakasi. Alipofanikiwa kutoka dukani alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye bwawa la bustani, akazama mpaka shingoni, akabaki anatabasamu. Breki alijisikia mwenyewe anaifokea kompyuta: "Breki! Breki, nakwambia!"

Siku zilizofuata akajua kutembea, na hapo ndipo karaha yenyewe ilipoanza. Kila aliyekutana naye alimuuliza mambo yale yale matatu: unatoka wapi, unafanya kazi gani, unapenda kahawa? Breki hapendi kahawa, ana vidonda vya tumbo. Lakini vidonda vya tumbo hakuvijua kwa Kiingereza, kwa hiyo alisema ndiyo, anapenda. Kwa mwendo huo, akilini mwa watu wa mataifa kumi yeye ni mnywaji kahawa hodari. Ukishajibu hayo matatu, mwenzako anakuaga kwa furaha na kwenda kumuuliza mwingine.

Angevumilia hayo yote. Kilichomkera mpaka akakosa raha ni sifa. Mle ndani kila mtu alimsifu kila mtu. Ukisema neno, "Very good!" Ukikohoa, "Wow!" Siku moja alikaa kwenye benchi la bustani na kikaragosi mmoja mwenye mabawa, akaulizwa mkewe yuko wapi. Alitaka kusema mke wangu yuko jikoni. Sasa, jikoni na kuku kwa Kiingereza ni maneno yanayofanana kama mapacha, na ulimi ukamponyoka. Akasema mke wangu ni kuku.

"Wow!" akasema mwenye mabawa. "Amazing! Very good!"

Jioni alimsimulia mkewe, aliyekuwa amekaa kitandani anajikanda miguu baada ya zamu.

"Na wewe ukasemaje?" mkewe akauliza.

"Nikasema asante."

"Mkeo ameitwa kuku, nawe ukasema asante."

"Ni mimi niliyekuita! Yeye alisifu tu. Ndiyo tabu yenyewe hiyo, mama. Mtu akiingiza gia vibaya mimi namwambia. Hata nikinyamaza, gari lenyewe linalia, linamwambia. Hawa watu ningesema nimemla jirani na viatu vyake wangeniambia vizuri sana."

Shemeji naye hakuacha kuulizia. "Vipi kule mjini, shemeji? Unaendeleaje?"

"Nasifiwa."

"Si ndiyo vizuri!"

"Nasifiwa, shemeji. Sijifunzi."

Mwezi wa pili ukawa unakatika. Aliingia kila mchana kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano, anasalimia, anakubali kwamba anapenda kahawa, anasifiwa, anatoka. Mdomo bado ulikuwa na loki yake. Kila sentensi aliiunda kwanza kwa Kiswahili, akaigeuza neno kwa neno, akaikagua kama tairi la akiba, na alipokuwa tayari kuitoa, mwenzake alikwishaondoka.

Halafu siku moja akagongwa na gari.

Mji ule una magari ya wageni kujiendeshea, na Breki alikuwa hajawahi kuyatazama mara mbili. Gari gani halina klachi? Alikuwa anataka kuvuka kwenda upande wa kituo cha treni. Alisimama kwenye zebra kama anavyosimama popote, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, akaingia barabarani. Gari jekundu likatoka kwenye kona bila honi, bila indiketa, likampitia. Kikaragosi chake kikaruka juu, kikazunguka mara mbili hewani, kikatua, kikasimama tena. Kinatabasamu.

Lile tabasamu ndilo lililompandisha mori. Breki akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Wewe! Simama hapo hapo! Macho yako ni wapi? Zebra ni ya watu! Kona unaingia kama umefukuzwa na nyuki! Nani alikupa leseni? Mimi nafundisha gari, na mtu kama wewe simpi hata baiskeli! Simpi hata toroli!"

Aliendelea hivyo mpaka pumzi ilipomwishia. Ndipo akagundua kwamba hakuwa ametafsiri chochote kichwani. Maneno yalikuwa yametoka yenyewe, yamepinda, yamegongana, lakini yametoka. Vikaragosi vilikuwa vimejaa pande zote za barabara vinamtazama. Kimoja kikapiga makofi. "Very good!" kikasema.

Breki akakigeukia nacho, akakifokea vile vile.

Haikupita muda, akatokea msimamizi wa mji, kikaragosi mwenye fulana ya bluu na sauti ya upole wa kuudhi, akamweleza kwamba amevunja kanuni ya kuheshimiana na kwamba anatolewa nje kwa siku tatu. Skrini ikawa nyeusi.

"Nimefukuzwa mjini," alimwambia mkewe jioni ile.

Mkewe alishtuka. "Mji gani?"

"Ule ambao haupo."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Breki hakuona cha kuchekesha. Alikuwa ameshaendesha magari katika ukungu, katika mvua, katika maandamano, hakuwahi kufukuzwa popote. Leo amekuja kufukuzwa mahali ambapo hajawahi kukanyaga, akiwa amevaa kaptula ya kuogelea.

Angeweza kuacha hapo. Lakini wageni wa kampuni ya maji walikuwa njiani, shemeji angemsumbua mpaka azeeke, na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Dakika ile ya hasira ilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza tangu shuleni alikuwa amesema Kiingereza bila kuogopa.

Siku tatu zilipokwisha akaingia tena. Mlangoni kwa kituo cha treni alisimama mwanamke mrefu mwenye kofia pana kama ungo, na nyuma yake lile gari jekundu limepandishwa juu ya maua. Breki akajiandaa kwa vita.

"Wewe ulisema unafundisha gari," yule mwanamke akasema kwa Kiingereza. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu mzima, na lafudhi yake nzito kuliko ya Breki. "Kweli?"

"Kweli."

"Uliuliza nani alinipa leseni. Hakuna aliyenipa. Nimeanguka mtihani mara tatu." Kisha akaendelea. "Na jambo jingine. Ulisema 'macho yako ni wapi'. Husemi hivyo. Unasema 'macho yako yako wapi'. Rudia."

Breki akatoa macho. Katika mji mzima ule, katika mataifa yote yale, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia amekosea.

Akarudia.

"Hapana. Tena."

Akarudia tena. Alinihadithia baadaye kwamba kama vikaragosi vingekuwa na mikono ya maana, angemkumbatia pamoja na kofia yake.

Alimwita Bibi Kofia, na mpaka leo hajui jina lake jingine. Kwao ni nchi ya baridi ndefu. Kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, na zamu inapoisha hakuna basi, anatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Wakala wake anatoa kazi nafuu zaidi, ya kuwatembelea wazee majumbani mwao mchana, lakini lazima ujue kuendesha. Alikuwa na mwalimu wa udereva huko kwao. "Haongei," alimweleza Breki. "Nikikosea, anapumua tu. Namna hii." Akapumua kwenye kipaza sauti, pumzi ndefu ya mtu aliyekata tamaa na dunia. Breki aliijua pumzi hiyo. Ameipumua mwenyewe mara nyingi.

Wakakubaliana: Breki amfundishe barabara, yeye amnyooshe Kiingereza. Saa ya mchana ya Breki, kwa Bibi Kofia ndiyo kwanza anafika nyumbani kutoka zamuni, bado amevaa soksi nene.

Usidhani walifanyiana upole. Mle garini hapakuwa na klachi wala gia, vishale vinne tu vya kompyuta, lakini kuna mambo hayahitaji klachi: kutazama vioo, kuwasha indiketa kabla na si baada, kupunguza mwendo unapokaribia watu. Siku ya kwanza Breki alimwambia aongeze moto. Alilisema neno kwa neno kwa Kiingereza, na Bibi Kofia akasimamisha gari katikati ya barabara, akatoka, akaanza kuzunguka kutafuta kinachoungua.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto! Moto ni mwendo!"

"Mwendo ni mwendo. Moto ni moto. Rudia."

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Walifika kwenye kona ya hoteli na Breki akamwambia, kama tunavyosema sisi sote, akate kona. Akaligeuza kwa Kiingereza hivyo hivyo, kata kona. Kumbe kwa Kiingereza ukikata kona unaipitia katikati, unakwenda njia ya mkato. Bibi Kofia alikuwa mwanafunzi mtiifu. Akapanda ukingo wa barabara, akapita juu ya maua, akaangusha benchi na meza za wanywaji kahawa, vikaragosi vikaruka huku na huku kama njugu kikaangoni, akatokea upande wa pili.

"Wewe mama!" Breki akapiga kelele. "Umefanya nini?"

"Nimekata kona!"

"Nani alikuambia ukate kona?"

"Wewe!"

Waligombana kuhusu hilo saa nzima. Mkewe, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo akapitia shuleni kumletea chakula, alisimama dirishani akawasikiliza. Hakuelewa yote, lakini alisikia mumewe anajibu bila kusita, anamkatiza mwenzake, anakatizwa, anaanza upya. Shemeji naye alitoka ofisini mbio.

"Dada, mumeo anagombana na nani humo ndani?"

"Mwache," mkewe akasema. "Leo anaongea."

Ikawa hivyo kila mchana. "Hapana. Tena," anasema Bibi Kofia. "Hapana. Rudi nyuma, anza," anasema Breki. Alimkaririsha somo analolikaririsha kila mtu kwenye makutano: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Bibi Kofia alilimeza kama dawa. Alikuwa analitamka hata anapomkaribia mtu wa kawaida kwenye ngazi za hoteli. Breki alijisifu kwa mkewe kwamba safari hii yule mama hana wa kumwangusha.

Siku ya mtihani wake ikafika, akaaga. Ikapita siku, ikapita ya pili, wiki ikaisha. Breki aliingia mjini kila mchana, akazunguka kituo cha treni akimtafuta, akajibu kwamba anapenda kahawa, akatoka. Ilimkera kuona anamngoja.

Alipotokea hakuja na gari. Alikuja kwa miguu, kofia imeinama mbele, na kabla Breki hajasalimia, mvua ya maneno ikaanza.

"Wewe! Kulia, kushoto, kulia! Unajua nimefika makutano, nimetazama kulia kama ulivyonifundisha? Kulia hakuna kitu. Nikatoka. Gari likaja kutoka kushoto! Kwetu gari la karibu linatoka kushoto! Tunaendesha upande mwingine, mwalimu wewe! Mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo! Mtahini amekanyaga breki yake mwenyewe, miwani yake imeanguka, na unajua alisema nini? Hakusema kitu. Amepumua! Mara ya nne! Nimetembea kwa miguu kurudi nyumbani kwenye theluji, kila hatua nasema kulia, kushoto, kulia, na kila hatua nakulaani wewe na nywele zako za kijani!"

Aliendelea, na Breki hakumkatiza. Alikuwa ameona tangu siku ya kwanza kwamba magari ya mji ule yanakaa upande wa kulia wa barabara, akasonya, akaona ni upuuzi wa waliouchora. Lakini barabara za mle ni tupu, magari ni machache, kwa hiyo kosa lake lilikuwa limejificha humo mpaka lilipokwenda kumpata yule mama kwenye barabara ya kweli. Yeye, anayewacheka watu kila siku kwamba hawajui kushoto kwao!

Bibi Kofia alipomaliza, Breki akatambua kwamba ameelewa kila neno. Hakuna lililompita. Hata yale mawili ambayo hayaandikiki.

"Kosa ni langu," akamwambia kwa Kiingereza. "Nimekufundisha barabara za kwetu badala ya barabara za kwenu. Naomba unisamehe. Kesho tunaanza upya."

Alingoja aambiwe arudie. Hakuambiwa.

Kuanza upya kulimtoa jasho yeye kuliko mwanafunzi. Ilibidi aipindue akili yake nzima. Alikaa kwenye chumba cha nadharia anayaendesha yale magari ya kuchezea upande usio wake, anajisemea kushoto, kulia, kushoto, mpaka kichwa kikamuuma. Mkewe alimkuta nyumbani amesimama mlangoni kwa jikoni, anatazama kushoto kwanza kabla ya kuingia. Na asubuhi moja, akiwa anamwonyesha mwanafunzi jinsi ya kugeuza gari, alilitoa gari la shule kwenye geti akaliweka upande wa kulia wa barabara, kifua mbele, bila wasiwasi. Mwanafunzi, dada mmoja mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti, ndiye aliyepiga kelele: "Breki, mwalimu! Breki!"

Hali ikiwa hiyo, mgeni wa kwanza wa kampuni ya maji akafika. Mwanamke mrefu, mikono ya shati imekunjwa, viatu vya kazi. Shemeji alikuwa amevaa tai. Gari lilikuwa limeoshwa mpaka chini. Breki akasogea mbele, akamkaribisha kwa Kiingereza, akajitambulisha, akamweleza wataanza na mitaa ya ndani kisha barabara kuu. Sentensi tano zimenyooka kama rula.

Mgeni akainua mkono. "Samahani sana, mwalimu," akasema. "Ninaomba tuzungumze Kiswahili tu. Nimejifunza kwa miaka miwili. Sasa ninataka kufanya mazoezi."

Breki akamgeukia shemeji yake. Shemeji yake akatazama dari.

"Hukuwauliza?" Breki akamnong'oneza.

"Shemeji, nani angedhani?"

Wakaingia garini. Breki alikuwa na hasira ya kutosha kuwasha injini bila ufunguo. Miezi minne! Amekuwa mnywa kahawa, amekuwa muogeleaji, amegongwa, amefukuzwa, amelaaniwa kwenye theluji ya watu, halafu Kiswahili tu!

"Haya, weka gia ya kwanza, twende."

"Mwalimu, tunasema weka gia au tia gia?"

"Vyovyote, mama. Twende."

"Na ni gari hili au gari hii? Kitabu changu kinasema gari hili, lakini watu wote ninawasikia wakisema gari hii."

"Gari lolote! Tazama mbele!"

Walipofika kwenye mzunguko mkubwa, pale njia nne zinapokutana, mgeni aliingia vizuri, kisha mikono ikasahau iko nchi gani. Gari likaanza kuvutwa kuelekea upande ambao lori lilikuwa linakuja. Kiswahili chote cha miaka miwili kikamtoroka. Akapiga kelele kwa lugha ya Kiingereza, anauliza aende wapi.

Breki hakukanyaga breki yake. Akamjibu kwa Kiingereza, sauti ya chini, sentensi moja baada ya nyingine: punguza mguu, usukani kushoto kidogo, usilitazame lori, tazama unakokwenda, bado, bado, sasa indiketa, toka. Gari likatoka kwenye mzunguko, likasimama pembeni mbele ya duka la matairi. Injini ikawa bado inanguruma.

"Kiingereza chako ni kizuri sana," mgeni akasema hatimaye.

Breki akamkazia macho. "Nimekosea wapi?"

"Hukukosea popote."

"Haiwezekani. Fikiria vizuri."

Mgeni akafikiri, akakubali kwamba kulikuwa na neno moja. Akalitaja. Breki akalirudia mpaka likakaa. Hapo ndipo alipoona kwamba na huyu wataelewana. Wakawekeana masharti: gari likitembea ni Kiingereza, likisimama ni Kiswahili. Breki analalamika mpaka leo kwamba yule mgeni alikuwa anasimama kila baada ya nyumba tatu kuuliza habari za ngeli, na kwamba mafuta ya shule yaliishia kwenye ki na vi.

Bibi Kofia alifaulu mtihani wake mwanzoni mwa majira yao ya joto. Alikuja mjini kumwambia. Hakuwa na maneno mengi. Alisema mtahini amempa karatasi na safari hii hakupumua. Akampakia Breki kwenye gari jekundu, akamzungusha bustani nzima, indiketa kabla na si baada. Breki alikaa kiti cha abiria na, kwa mazoea, akawa anakanyaga breki isiyokuwepo chini ya meza ya chumba cha nadharia. Siku hizi yule mama anazunguka kwa wazee wake mchana, kwa hiyo anaingia mjini Jumapili tu, na si kila Jumapili.

Shemeji aliacha kuulipia ule mji wageni walipomaliza mafunzo. Breki anaulipia mwenyewe. Mkewe alipomuuliza sababu, alisema ndipo mahali pekee duniani ambapo kuna mtu anamwambia ukweli kwamba amekosea.

"Na mimi je?" mkewe akauliza. "Mimi ninayekwambia hapa nyumbani bure kila siku?"

Breki akafikiri, kisha akachukua hedifoni zake.

"Wewe hunipi nafasi ya kurudia," akasema.